Kofia Nne na Mvua Moja ya Kondele

Kofia ya kwanza nilipewa bure, lakini nikipiga hesabu naona ilinigharimu kuliko nilivyodhani. Ilikuwa ya kampeni za 2022. Rangi yake sitaitaja, wasije watu wakajua kura yangu ilienda wapi. Ilikaa juu ya kabati mwaka mzima, hadi Agosti 2023 nilipoanza kwenda kazini kwa baiskeli.

Julai ya mwaka huo kodi ya VAT kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na nauli ya matatu kutoka Mamboleo hadi mjini Kisumu ikafuata. Mimi ni karani wa hesabu. Nilikaa na kalamu nikaona kwamba ile baiskeli iliyoegemea ukuta nyumbani kwa mama, yenye magurudumu mazima na kengele isiyolia, ingeniokolea kama shilingi 3,000 kwa mwezi. Nikaipeleka kwa fundi, nikaweka tyubu mpya na breki mpya. Niliandika kila kitu kwenye daftari isipokuwa kofia, kwa sababu kofia nilikuwa nayo.

Aliyewahi kuendesha baiskeli Kisumu anajua shida iko wapi. Asubuhi ni jua. Ikweta inapita hapo Maseno tu, na ikifika saa tatu paji la uso limeanza kuwasha. Jioni ni mambo mengine. Kuanzia saa tisa mawingu hujikusanya upande wa milima ya Nandi, upepo unageuka, vumbi linainuka, wenye vibanda wanaanza kuvuta maturubai, na utasikia mtu akisema tu kwa Kijaluo "koth biro". Mvua inakuja, na kwa kweli ukishasikia hivyo umeshachelewa. Kwa hiyo kofia moja inatakiwa ikukinge jua asubuhi bila kukuchemsha, ikukinge mvua jioni bila kukuziba macho, na katikati ya hapo uingie nayo ofisini bila watu kukuuliza kama umehamia kazi ya mjengo. Hilo la mwisho msilidharau. Kofia unayoionea aibu utaiacha kwenye begi, na kofia ya kwenye begi haikingi kitu.

Ile ya kampeni ilivumilia jua vizuri. Mvua ya kwanza iliikuta karibu na soko la Kibuye. Kofia za aina ile, ule ulimi wake wa mbele ndani yake ni karatasi ngumu tu iliyofunikwa kitambaa. Ikilowa inalainika. Nilianza kuona barabara nusu, kisha robo, kisha nikawa naona ulimi wa kofia peke yake ukiwa umening'inia puani kama jani la mgomba lililopigwa na mvua ya mawe. Nilishuka nikaisukuma baiskeli hadi nyumbani. Tangu siku hiyo sinunui kofia bila kuukunja ulimi wake kwanza. Wa plastiki unarudi wenyewe mara moja. Wa karatasi unabaki na mkunjo, au unasikia umelia kidogo ndani. Muuzaji akikataza usiukunje, jibu umeshalipata.

Ya pili niliipenda, na hadi leo naipenda, ingawa ilinitoa damu. Niliitoa kwenye rundo la mtumba pale Kibuye, Jumapili baada ya kanisa, kwa shilingi 150. Kofia bapa ya sufu, ya kijivu yenye mistari myembamba, ile ambayo wazee huvaa kwenye harusi. Muuzaji aliniambia, "Madam, hiyo imekutafuta wewe." Nikaamini. Rasta zangu nilizifunga nyuma, kofia nikaiinamisha upande, na Jumatatu ofisini kila mtu akauliza nimeinunua wapi. Kwa wiki sita nilikuwa mwendesha baiskeli maridadi kuliko wote barabara ya Kakamega.

Halafu zikaja mvua za El Niño za mwisho wa mwaka huo. Sufu inakunywa maji. Ilikuwa inarudi nyumbani nzito kama mtoto aliyelala, inanuka kama mbuzi aliyenyeshewa, na inachukua siku mbili kukauka. Nikawa naianika nyuma ya jokofu. Lakini hata harufu si kitu. Tatizo ni kwamba kofia bapa imekaa juu ya kichwa kama kifuniko; haijakishika. Upepo ukiingia chini ya ulimi wake inainuka yote.

Ilikuwa Ijumaa ya Novemba, saa kumi na moja jioni. Nilikuwa natoka chini ya daraja la Kondele, matatu upande wa kulia, tuktuk nyuma yangu, matone ya kwanza makubwa yakianza kugonga lami. Upepo ukapiga. Nikaihisi kofia ikiniacha. Mkono wa kushoto, bila kuniuliza mimi mwenyewe, ukaruka kichwani kuikamata. Mkono wa kulia ukabaki peke yake, na kwa woga ukabana breki. Kwenye baiskeli yangu breki ya kulia ni ya gurudumu la mbele. Gurudumu la mbele likasimama, mimi nikaendelea.

Ninachokumbuka ni vitu vidogo. Changarawe kwenye kiganja. Kengele, ile isiyolia, ikalia mara moja tu ilipogonga chini. Dereva wa tuktuk alikuwa amesimama hatua chache tu nyuma ya kichwa changu. Alishuka, akaokota kofia kwanza, akaikung'uta mara mbili kwenye paja lake, akanipa. "Sista, pole. Kofia yako hii hapa." Kisha ndipo akaona goti. Mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi alinikalisha kwenye ndoo yake, na mvua ikatukuta hapo hapo.

Nitasema gharama zote, kwa sababu watu wengi husimulia ajali bila kutaja pesa. Dawa na bandeji shilingi 650. Kioo cha simu 3,500. Suruali ya kazi, ambayo haikushoneka. Siku mbili bila kwenda kazini. Akiba ya zaidi ya mwezi mzima ya nauli ilikwenda kwenye kofia ya 150. Mama aliponiona hakuuliza goti. Aliuliza, "Helmeti iko wapi?" Nikanyamaza, kwa sababu haikuwepo. Nilikuwa nimejiambia kwamba safari yenyewe ni fupi, na kwamba helmeti itaharibu nywele. Jumatatu iliyofuata nikanunua kwa 1,800. Tuelewane hapa kabla sijaendelea: kofia ya kitambaa si kinga ya kichwa. Inakaa chini ya helmeti, au inakaa nyumbani.

Na hapo ndipo mambo yalipopinda, maana sasa nilikuwa natafuta kofia ya kukaa chini ya kitu kingine, na hilo sikulielewa.

Ya tatu niliagiza mtandaoni kutoka Nairobi. Shilingi 2,400, na 300 za kuituma kwa basi. Tangazo lilisema haipitishi maji kabisa, na sitawasingizia: haikupitisha. Ilikuwa nyeusi, imetulia, mishono yake imezibwa kwa utepe kwa ndani, ulimi mrefu mgumu. Asubuhi ya kwanza nikaivaa, nikafunga helmeti juu yake. Nilipofika Kibuye kichwa kilikuwa kinauma utosini kana kwamba mtu ananisukuma kwa kidole. Kile kitufe kidogo kilicho juu kabisa, pale vipande vya kitambaa vinapokutana, kilikuwa kimebanwa kati ya helmeti na fuvu. Kwenye kofia ya kawaida hukijui kama kipo. Chini ya helmeti ni msumari.

Kulikuwa na jambo la pili baya zaidi, na mimi nililichukulia kama usumbufu tu. Helmeti inatakiwa ikae sawa, ukingo wake ukiwa kama vidole viwili juu ya nyusi. Kwa unene wa kofia ile, yangu ilipanda hadi vidole vinne na ikawa inacheza. Nilikuwa nimenunua helmeti nikailipia nusu ya kazi yake iondoke.

La tatu ni jasho. Vitambaa vya aina ile, maarufu ikiwa Gore-Tex (yangu haikuwa hiyo, ilikuwa ya bei ya watu), vina utando wenye vitundu vidogo sana. Tone la maji halipiti, ila mvuke wa jasho unapita. Lakini mvuke hutoka pale hewa ya nje inapokuwa kavu kuliko ya ndani. Kisumu baada ya mvua, hewa ya nje yenyewe ni mvuke. Jasho linaondoka liende wapi? Nilifika nyumbani siku hiyo nywele zimelowa chapachapa, na hakuna hata tone moja la mvua lililoingia. Rasta zikalala na unyevu, na anayezisuka anajua siku ya tatu zinanukaje.

Kofia ile nilimuuzia mlinzi wa getini kwetu kwa 500. Kwake ni kofia nzuri ajabu. Amesimama usiku, hatoki jasho, hana helmeti, na ulimi mrefu unamkinga. Kumbe haikuwa mbaya. Ilikuwa na kazi yake, na kazi hiyo haikuwa yangu.

Nilirudi Kibuye mara kadhaa baada ya hapo bila kununua kitu, nikijifunza kushika vitambaa. Nilikuwa nabeba chupa ndogo ya maji. Ukidondosha tone kwenye kitambaa, utaliona linakaa kama shanga au linazama. Kisha unaweka mdomo kwenye kitambaa na kupuliza: pumzi ikipita kwa urahisi, kichwa kitapumua, ila mvua ya nguvu itapenya, ikigoma kabisa, jiandae kuchemka. Wauzaji walicheka, mmoja akaniuliza kama nataka kofia au filimbi. Na za nailoni zilizopakwa plastiki kwa ndani, zigeuze kila mara. Zikizeeka ule mpako unanata, unabambuka vipande vipande, na una harufu ya uchachu isiyotoka kwa sabuni. Nje inaonekana mpya kabisa.

Aliyenifungua macho ni mjomba. Ujana wake aliumalizia Busia akivusha abiria mpakani kwa baiskeli nyeusi yenye kiti cha sponji nyuma. Ndio hao waliozaa neno bodaboda, kabla pikipiki hazijalichukua. Nilimlalamikia kuhusu kofia zangu akiwa anakunywa chai. Akauliza, "Mvua ikinyesha, nini hasa kinakushinda? Nywele?" Nikafikiria. Nikasema hapana, ni macho. Maji yakiingia machoni unafumba, na ukifumba karibu na lori ndio umekwisha. "Basi mbona unanunua paa," akasema, "na wewe unataka dirisha?" Wao walivaa kofia yoyote yenye ulimi mfupi, na juu yake wakavuta mfuko wa plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini wazo lenyewe halikupigwa marufuku.

Nikaelewa kwamba nilikuwa nabebesha kofia moja kazi mbili. Ya kuzuia maji yasiingie kichwani ni ya kitu kinachokaa juu ya helmeti. Ya kuzuia maji machoni ni ya ulimi ulio chini yake. Kwa kazi ya kwanza nilinunua kofia ya kuogea pale soko la Jubilee, ile ya plastiki yenye lastiki, shilingi 50. Inaingia mfukoni, na mvua ikianza naivuta juu ya helmeti nzima. Naonekana kama sufuria ya pilau iliyofunikwa isipoe. Naivua kona moja kabla ya ofisi.

Kwa kazi ya pili nilikumbuka zile kofia ndogo za pamba za waendesha baiskeli wa mashindano. Walizivaa kwa miaka mingi bila helmeti, hadi helmeti zilipolazimishwa kwenye mashindano ya barabarani mwaka 2003, baada ya Andrei Kivilev kufariki kwa kuanguka kwenye mashindano ya Paris–Nice. Sasa wanaozipenda huzivaa chini ya helmeti. Ni nyembamba kama leso, hazina kitufe, na ulimi ni mfupi kwa sababu mtu aliyeinamia usukani akiwa na ulimi mrefu haoni mbele. Kukiwa na jua au mvua unaushusha. Kukiwa na kiza unaukunja juu. Kuagiza kutoka nje ilikuwa bei ya kuku wawili. Nikaenda kwa fundi wa cherehani.

Fundi wangu ni mzee mpole anayeshonea sare za shule. Nilimchorea kwenye risiti. Akaangalia, akasema, "Hii ni kofia ya mtoto, madam." Lakini akachukua futi. Tulipima kichwa juu ya masikio mara mbili, nikiwa nimezibana rasta na nikiwa nimeziachia, maana tofauti ni karibu sentimita tatu na kofia isiyojua hilo itakuwa ya mwezi mmoja tu. Badala ya vipande sita vinavyokutana utosini, alikata vitatu: ukanda mmoja wa katikati kutoka paji la uso hadi kisogoni, na mbavu mbili. Mishono inapita pembeni, utosi unabaki laini. Ulimi aliukata kwenye dumu la mafuta ya kupikia la lita 5, pale penye mviringo, ukatoka na upinde wake tayari. Upana wake katikati ni sentimita tano. Chini ya ulimi nilimwomba aweke kitambaa cheusi, kwa sababu cheupe kinarudisha mwanga wa lami machoni. Nyuma lastiki fupi na nafasi ya kupitisha rasta. Pembeni, vipande viwili vidogo vya utepe unaong'aa, alivyovikata kwenye jaketi kuukuu la mwendesha boda. Kitambaa ni pamba ya samawati nzito, na ukanda wa katikati ni kitenge cha rangi ya machungwa, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuvaa huzuni. Ushonaji 300, vifaa 220.

Makosa sikuacha kufanya. La kwanza, kitenge sikukifua kabla ya kushonwa. Siku ya kwanza ya jua kali nilitoka jasho, nikaingia kwenye kikao cha saa tatu nikiwa na mstari wa machungwa kutoka nyusi hadi nywele. Hakuna aliyeniambia hadi kikao kilipoisha.

La pili ni nta. Nilinunua nta ya nyuki kwa muuza asali, nikaichanganya na kipande cha mshumaa, nikaiyeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji moto. Usiiweke moja kwa moja motoni, nta inashika moto. Nikaipaka kofia yote kwa brashi, nene, kama ninayepaka ukuta. Ilikuwa Januari, jua la kiangazi. Nikaiacha dirishani ofisini hadi mchana. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hivi, lakini inaanza kulainika mapema zaidi, na dirisha la ghorofa ya pili linaitosha. Kofia ikanata kwenye rangi ya dirisha, ikaokota vumbi lote la mtaa. Nilichukua jioni mbili kuitoa nta kwa gazeti na pasi.

Sasa napaka ulimi na ukanda wa mbele tu, safu nyembamba, kisha napitisha pasi ya vuguvugu juu ya karatasi ili nta izame kwenye nyuzi. Mbavu naziacha zipumue. Nafua kwa maji baridi na mswaki wa zamani, na nta naiongeza kila mvua ndefu zikikaribia.

Aprili 2024 mvua zilikuwa kubwa, wote tunakumbuka mafuriko. Jioni moja ilinikuta tena pale pale, nikitoka chini ya daraja la Kondele, na ule upepo wake. Nilisimama pembeni, nikavuta kofia ya kuogea juu ya helmeti, nikashusha ulimi, nikaondoka. Maji yalikuwa yanakusanyika kwenye ukingo wa ulimi na kudondoka tone kwa tone mbele ya pua yangu, na nyuma ya matone hayo niliona barabara yote hadi taa za Mamboleo. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Viatu vilijaa maji, hilo sijalitatua.

Mwenzangu wa idara ya ununuzi ameomba ya kwake, ya kijani. Nilipompeleka kwa fundi, bei ilikuwa imefika 450. Nikamuuliza kulikoni. "Madam, wewe ulikuwa wa majaribio," akasema. "Na madumu siku hizi nanunua." Nimempelekea madumu matatu ya jirani, akapunguza hamsini.